Msumeno wa Skroli kwa Anayeanza Intasia: Upi Ununue Kwanza na Upi Uuache Dukani

Intasia ni sanaa ya kuunda picha kwa vipande vya mbao zenye rangi zake za asili. Kila kipande hukatwa kwa umbo lake, hulainishwa kingo kwa msasa, kisha vyote hubandikwa kwa gundi juu ya plaiwudi nyembamba. Mafundi wa Italia waliifikisha mbali sana katika karne ya 15: kuta za chumba cha kusomea cha mtawala Federico da Montefeltro, katika kasri lake la Urbino, zilitengenezwa miaka ya 1470, na mtu akizitazama huona makabati yaliyoachwa wazi, vitabu na ala za muziki, ilhali vyote hivyo ni mbao zilizolazwa bapa. Intasia inayofanywa leo na watu wenye karakana ndogo nyumbani hutofautiana na hiyo kwa jambo moja kubwa, nalo ni unene. Vipande vyake kwa kawaida huwa na unene wa milimita 19, yaani robo tatu ya inchi, ili fundi aweze kuinua kimoja, kushusha kingine, na kuipa picha umbo la kuguswa kwa mkono. Unene huo ndio unaoamua mashine ya kununua, na ndiyo sababu mpangilio nilioufuata hapa haukuanza na mashine kubwa wala ya gharama kubwa.

Msumeno wa skroli ni mashine ya mezani yenye mikono miwili, wa juu na wa chini, inayopandisha na kushusha bledi nyembamba yenye urefu wa inchi 5. Fundi hausukumi msumeno. Huusogeza ubao taratibu na kuugeuza kuizunguka bledi. Kwa kazi ya intasia, mambo matatu ndiyo yanayobeba uzito: bledi isimame wima kabisa juu ya meza ya mashine, kasi iweze kupunguzwa na kuongezwa, na vishikio viweze kubana bledi zisizo na pini, yaani zisizo na kijiti kidogo cha chuma kilichopitishwa kwenye ncha zake. Mengine yote, pamoja na taa, kipulizia vumbi na uzuri wa rangi, yaje baadaye.

Suala la wima linastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndilo huwavunja moyo wanaoanza bila wao kujua chanzo chake. Bledi ikiinama kwa nyuzi 1 tu, ukingo wa ubao wa milimita 19 utapishana juu na chini kwa takriban theluthi moja ya milimita. Kwa kuwa kipande jirani nacho kimekatwa kwa mwinamo uleule, pengo kati yao linaweza kuwa maradufu, na vipande vilivyobanana vizuri upande wa chini vitaonekana vimeachana upande wa juu. Guni la seremala, yaani kifaa cha kupimia pembe mraba, husaidia kuanza, lakini bledi ni fupi na nyembamba mno kwa guni peke yake. Kipimo cha uhakika ni hiki: chukua kipande cha ubao mnene, kikate mkato mfupi wa milimita 2 hivi, zima mashine, kisha kizungushe kipande hicho bila kukiinua mezani mpaka mkato huo ufike nyuma ya bledi. Bledi ikiingia ndani ya mkato bila kugusa upande wowote, meza imekaa sawa; ikigonga pembeni, legeza skrubu ya meza, irekebishe kidogo, urudie. Mashine yoyote unayotaka kuinunua, iwe mpya au iliyotumika, uombe kuifanyia kipimo hiki kabla ya kulipa. Muuzaji anayekataa amekwisha kukupa jibu.

Nafasi ya kwanza naipa mashine ya inchi 16 yenye kasi inayobadilika na inayoshika bledi zisizo na pini. Inchi 16, yaani takriban milimita 405, ni umbali kutoka kwenye bledi hadi nyuma ya mkono wa mashine. Wanaoanza huuhofia udogo huo bure. Katika intasia, karatasi yenye mchoro hukatwa kipande kwa kipande, kila kipande cha karatasi kikabandikwa kwenye ubao wa rangi yake, na ubao huo nao hupunguzwa kwanza kuwa kipande kidogo kinachotosha kushikwa kwa mikono miwili. Hata picha ya tai mwenye upana wa nusu mita itapita kwenye mashine ya inchi 16 bila tabu, kwa sababu haipiti ikiwa nzima. Katika kundi hili zipo mashine za Einhell na Scheppach za Ujerumani, na WEN ya Marekani, ambazo nyingi huenda kati ya mapigo 400 na 1,600 kwa dakika, pigo moja likiwa ni bledi kushuka na kupanda mara moja. Ziko imara kiasi cha kumtosha mwanafunzi, na bei yake inaacha fedha za kununulia mbao na msasa. Kasoro yake kuu ni mtikisiko, ambao hupungua sana mashine ikifungwa kwa bolti kwenye meza nzito. Kasoro ya pili ni kwamba vishikio vya bledi hukazwa kwa spana ndogo, hivyo kubadilisha bledi huchukua muda. Kwa intasia jambo hilo si kubwa, kwa sababu mikato mingi huanzia ukingoni na haihitaji bledi kufunguliwa na kupitishwa ndani ya tundu.

Nafasi ya pili ni mashine bora iliyotumika. Hegner ya Ujerumani, au DeWalt DW788 ya inchi 20, ikiwa imetunzwa, itafanya kazi laini kuliko mashine mpya yoyote ya bei nafuu, na huenda ikakutumikia hadi umkabidhi mwanao. Nimeiweka ya pili kwa sababu moja tu: inahitaji jicho linalojua kukagua, na anayeanza bado hana jicho hilo. Ukiweza kwenda na fundi mzoefu, nafasi hii inapanda kuwa ya kwanza. Shika mkono wa juu uutikise kushoto na kulia; ukicheza, bledi nayo itacheza. Iwashe kwa kasi ya chini kabisa usikilize, kisha uipandishe polepole: mlio wa kugonga unaoongezeka pamoja na kasi huashiria beringi au viungo vilivyolika. Tazama pia skrubu za vishikio, kwa kuwa zikishachakaa bledi itateleza katikati ya mkato, na kipande cha mbao nzuri kitakuwa kimepotea.

Nafasi ya tatu ni mashine mpya ya inchi 20 au 21. DW788 ina kasi ya mapigo 400 hadi 1,750 kwa dakika, uzito wa kilo 25 hivi, na swichi zake ziko mbele, mahali mkono unapofika kwa urahisi. Excalibur ya inchi 21 ina sifa ya kuinamisha mkono wa mashine badala ya meza, kwa hiyo ubao hubaki umelala sawasawa hata unapokata kwa mwinamo. Ni mashine nzuri kwelikweli, na sina neno baya juu yake. Lakini sifa ya kuinama haina kazi kubwa katika intasia, ambayo karibu mikato yake yote ni ya wima, na fedha zinazozidi ni nyingi. Inunue ukishamaliza picha kadhaa na kuona kwamba kazi hii imekukaa moyoni.

Nafasi ya nne inaweza kuwashangaza baadhi ya wasomaji: msumeno wa upinde wa mkono. Pamoja na kibao chenye mkato wa umbo la V kinachofungwa ukingoni mwa meza, msumeno huu hauhitaji umeme, hubebeka kwenye begi, na unafaa sana kwa shule za ufundi na kwa mtu anayetaka kujua kama anaipenda kazi hii kabla ya kutumia fedha nyingi. Sharti lake ni kupunguza unene wa mbao hadi milimita 6 au 10, kwa sababu mkono wa anayeanza hauwezi kuishikilia bledi wima kwenye ubao wa milimita 19 kwa mkato mzima. Picha itakuwa bapa zaidi, lakini mtu atajifunza kufuata mstari, kuchagua mkondo wa nyuzi za mbao na kulainisha kingo, mambo ambayo mashine haimfundishi mtu.

Chini ya hapo ndipo ninapoiweka mashine ya umeme yenye kasi moja tu na inayokubali bledi zenye pini peke yake. Kwa maoni yangu mashine hiyo ni mbaya kuliko msumeno wa mkono, ingawa ni ya umeme na huonekana ya kisasa. Bledi zenye pini ni pana, kwa hiyo hazigeuki kwenye kona kali, na uchaguzi wa meno yake ni mdogo. Kasi moja kubwa nayo huunguza mbao ngumu na kumnyima anayeanza muda wa kuufuata mstari. Jigisoo ya mkononi pia isinunuliwe kwa kazi hii, kwani bledi yake imeshikwa upande mmoja tu na hupinda ndani ya ubao mnene. Bendisoo, yaani msumeno mkubwa wenye bledi ya mkanda unaozunguka, ni rafiki wa intasia, lakini kazi yake ni kupasua magogo madogo na mbao nene kuwa mbao nyembamba, nayo hununuliwa baadaye.

Wasomaji walio Marekani na Kanada wanaotaka kuja nyumbani na mashine, na wale wanaotumiwa na ndugu, wauangalie umeme kwanza. Mashine za huko hutengenezwa kwa volti 120 na hezi 60 (hezi ni idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde), ilhali umeme wa Kenya, Tanzania na Uganda ni wa volti 230 hadi 240 na hezi 50. Transfoma hushusha volti lakini haibadilishi hezi. Mota ya induksheni, yaani isiyo na brashi na ambayo kasi yake hufuata hezi za umeme, ikiwa ilikusudiwa hezi 60 kasi yake itapungua kwa takriban moja ya sita na huweza kupata joto kupita kiasi, wakati mota yenye brashi na kidhibiti cha kielektroniki huvumilia zaidi. Ukijumlisha gharama ya mzigo, transfoma yenye uwezo wa kutosha na kukosa vipuri, mara nyingi mashine ya volti 230 kutoka Ulaya, au ile inayonunuliwa Muscat au Dubai, hugeuka kuwa nafuu zaidi.

Vyovyote utakavyochagua, usimalize bajeti yote kwenye msumeno. Tenga angalau theluthi moja kwa ajili ya bledi, msasa na mbao, kwa sababu katika intasia muda mwingi hauendi kwenye kukata, huenda kwenye kusugua na kuunda. Ngoma ndogo ya msasa inayofungwa kwenye drili iliyobanwa mezani inatosha kwa kuanzia. Kwa bledi, nunua dazeni moja ya namba 5 na dazeni moja ya namba 7 (namba hizi ni za ukubwa wa bledi), zenye meno ya chini yaliyogeuzwa ili zisichanechane upande wa chini wa ubao. Namba 5 itumike kwa vipande vyenye kona nyingi, namba 7 kwa mbao ngumu. Bledi za Pegas kutoka Uswisi na Olson za Marekani zinaaminika. Ibane bledi hadi itoe mlio mkali ukiigusa kwa kidole, na ikianza kukulazimisha usukume, itupe. Bledi butu inayosukumwa hujipinda tumboni mwa ubao na kuacha ukingo uliobinuka, hata kama meza imekaa wima kabisa. Utaona pia kwamba bledi nyingi huvuta upande wa kulia, kwa sababu ya ukali unaobaki upande mmoja wa meno zinapotengenezwa. Geuza ubao kidogo kufidia hali hiyo, na baada ya muda mkono utazoea.

Kuhusu mbao, wakazi wa Afrika Mashariki tuna bahati ambayo wengi wa nje huilipia fedha nyingi. Mninga hutoa wekundu wa hudhurungi, mfenesi hutoa manjano, mvule na msaji hutoa rangi ya dhahabu iliyokolea, msindano huwa mweupe, na mpingo ni mweusi usiohitaji rangi yoyote. Intasia hutumia vipande vidogo, kwa hiyo mabaki ya maseremala wa Keko jijini Dar es Salaam au wa Gikomba jijini Nairobi yanatosha, na vipande vya mpingo huweza kupatikana kwa wachongaji wa Mwenge. Hakikisha tu kwamba zimekauka vizuri na kupigwa randa kwa unene mmoja, kwani ubao mbichi utasinyaa ukiwa umekwisha kubandikwa na kufungua mapengo uliyohangaika kuyaziba. Mpingo ukate kwa kasi ya chini, na ubandike utepe wa plastiki wa kufungia katoni juu ya ubao kabla ya mchoro. Utepe huo hupunguza msuguano, na ukingo hautaungua.

Barakoa ya kuzuia vumbi laini ihesabiwe kuwa sehemu ya bei ya msumeno. Vumbi la mvule huwasha ngozi na njia ya hewa, na lile la mpingo nalo si salama kulivuta. Kipulizia cha mashine huliondoa kwenye mstari ili uone unapokata, lakini hulirusha hewani, mahali hasa unapovutia pumzi. Kama kuna mlango wa kutolea vumbi chini ya meza ya mashine, pima kipenyo chake kabla ya kuondoka dukani, ili bomba la mashine yako ya kufyonzea vumbi liingie bila kuhitaji kiunganishi kingine.