Ziara ya Kutazama Mbwa Mwitu Katika Bonde la Lamar, Yellowstone: Inafaa Kulipiwa, Ila Ulizia Darubini

Ziara hii ya siku moja huanza kabla ya mapambazuko katika mji wa Gardiner, jimboni Montana, Marekani, na hufuata barabara ya kwenda Cooke City, ambayo ni miongoni mwa njia chache za Hifadhi ya Yellowstone zinazopitika kwa gari la kawaida wakati wa baridi. Bei si ya kila mfuko.

Aliyezoea Serengeti, ambako simba hujipumzisha kwenye kivuli cha gari, apunguze matarajio. Kanuni za hifadhi zinamtaka mgeni akae yadi 100, yaani takriban mita 91, kutoka kwa mbwa mwitu (hawa ni wale wa Amerika Kaskazini, “wolf” kwa Kiingereza, si mbwa mwitu wa Afrika) au dubu, na mara nyingi kundi huwa mbali zaidi ya hapo. Kwa macho matupu niliona vitone tu juu ya theluji, lakini kwenye darubini vitone hivyo viligeuka kuwa mbwa mwitu weusi na wa kijivu, mmoja akiwa na kola ya redio shingoni, wakivutana kipande cha ngozi ya elki, aina ya kulungu mkubwa, huku kunguru wakingoja masalia. Kwa bahati mbaya darubini zilikuwa mbili kwa gari zima, na kupanga foleni katika baridi kali kwa ajili ya kuchungulia kidogo ni kero ambayo kampuni ingeweza kuiondoa kwa gharama ndogo.

Thamani halisi ya ziara ni mwongozaji. Alieleza kwamba serikali ndiyo iliyowamaliza mbwa mwitu wa hifadhini kufikia mwaka 1926, na ndiyo iliyowarejesha 31 kutoka Kanada mwaka 1995 na 1996, wakiwekwa kwanza kwenye mazizi ili wazoee mahali. Alipoulizwa iwapo ni kweli kwamba wanyama hao, kwa kuwapunguza elki, ndio walioiponya mito na mierebi, yaani miti ya kando ya maji ambayo elki huila, hakukubali haraka: elki wamepungua, alisema, lakini dubu, puma na wawindaji nao wamechangia, na watafiti bado wanabishana.

Kuhusu mpaka wa hifadhi alizungumza bila kumung'unya maneno. Ndani ya hifadhi mbwa mwitu hawindwi. Akivuka, anaingia chini ya sheria za jimbo, na katika sehemu kubwa ya jimbo la Wyoming anaweza kuuawa wakati wowote bila leseni. Msimu wa uwindaji wa 2021 hadi 2022 waliuawa mbwa mwitu 25 wa Yellowstone waliotoka nje. Hata hivyo hakuwageuza wafugaji kuwa maadui. Alitueleza jinsi fidia ya ndama aliyeuawa na mbwa mwitu inavyotegemea ushahidi wa mzoga, ambao usipopatikana mapema huharibika.

Naipa nyota nne kati ya tano. Chagua Februari, msimu wa mbwa mwitu kujamiiana, wanapobweka kwa sauti ndefu mara kwa mara na kuonekana vizuri kwenye theluji, na kabla ya kulipa uliza ni abiria wangapi watagawana darubini moja.