Challengers: Watu Watatu, Raketi Mbili, na Amri ya Kunyamaza

Haya, karibuni. Kabla sijasema lolote, tazameni huu mwiko. Ndiyo, mwiko. Raketi sina, na hii ni chaneli ya filamu, si ya michezo. Huku juu palipo bapa, tuseme ndipo penye nyuzi. Huku chini ndipo unaposhika. Na hapa katikati, kichwa kinapokutana na mpini, ndipo shingo ya raketi. Mkumbuke hapa.

Katika Challengers kuna kijana anaitwa Art. Kila akitaka kupiga sevu, yaani kuanzisha mpira, kwanza anaubandika mpira hapa shingoni, ndipo anaurusha juu. Ni mazoea tu, kama mtu anayejikuna sikio kabla ya kujibu swali. Rafiki yake Patrick hana mazoea hayo. Sasa siku moja wako mazoezini, na Art anataka kujua kama Patrick ameshalala na yule msichana ambaye wote wawili wanamtaka. Patrick hataki kusema. Art anamwambia basi, usiseme, piga sevu tu. Kama ni kweli, piga kama ninavyopiga mimi.

Patrick anarudi kwenye mstari. Anadundisha mpira. Anatulia. Halafu anaushusha mpira polepole na kuubandika... hapa.

Jamani, nilipiga yowe. Mtu ametoa siri nzito kiasi hicho bila kufungua mdomo, na mwenzake ng'ambo ya wavu amepokea habari kamili. Filamu yote iko ndani ya hiyo sevu moja. Na ninawaambia mapema: hiyo shingo ya raketi itarudi. Sisemi lini.

Kwa mgeni wa habari hizi: Challengers ilitoka Aprili 2024, imeongozwa na Mwitaliano Luca Guadagnino, na ina dakika 131. Ilikuwa ifungue tamasha la filamu la Venice mwaka 2023, lakini waigizaji wa Hollywood wakawa kwenye mgomo, ikaondolewa na kusogezwa mwaka uliofuata. Zendaya ni Tashi, Mike Faist ni Art, Josh O'Connor ni Patrick. Zendaya pia ni mmoja wa watayarishaji.

Hadithi yenyewe ukimsimulia mtu kwa maneno mawili, anaweza kupiga miayo. Mwaka 2006 Art na Patrick ni vijana marafiki wa chanda na pete, wanacheza tenisi pamoja na kulala chumba kimoja tangu utotoni. Wanakutana na Tashi, ambaye ni bora kuliko wote wawili na kila mtu anajua atakuja kuwa nyota. Wote wanampenda. Yeye anawaambia namba ya simu atampa atakayeshinda fainali yao ya kesho. Anashinda Patrick. Baadaye Tashi anaumia goti, ndoto inakufa, na miaka inapita. Tunafika 2019 na kumkuta ni mke wa Art na ndiye kocha wake. Art ni bingwa mkubwa aliyebakiza taji moja tu kati ya yale manne makubwa ya tenisi, la US Open, ila amechoka, anapoteza mechi kwa watoto. Tashi anamwandikisha kwenye mashindano madogo huko New Rochelle, jimbo la New York, apate vibonde wa kuwafunga na kurudisha moyo. Fainali, nani yuko ng'ambo ya wavu? Patrick. Hana hela, kadi yake ya benki imekataliwa kwenye nyumba ya wageni, amelala kwenye gari, na bado ana lile tabasamu la mtu anayekudai.

Jina la filamu linatoka hapo. Challenger ni ngazi ya pili ya tenisi ya wanaume ya kulipwa, chini ya mashindano makubwa ya ATP, chama cha wachezaji wa kulipwa wa kiume. Ndipo wanapopandia vijana na wanapoporomokea wakongwe. Bingwa kama Art kwenda kucheza huko ni kama mwanamuziki aliyezoea kujaza viwanja aombe kuimba kwenye harusi ya mtu asiyemjua.

Sasa njooni kwenye jambo ambalo naona wachambuzi wengi wanalipita. Wengi wanaiita filamu ya mapenzi ya pembe tatu. Ni kweli. Mimi lakini naiona zaidi kama filamu ya watu watatu waliokatazwa kusema.

Mwandishi wake, Justin Kuritzkes, ameeleza kwamba wazo lilimjia alipoangalia fainali ya wanawake ya US Open ya 2018, Serena Williams na Naomi Osaka. Wapenzi wa tenisi wanaikumbuka siku hiyo. Mwamuzi alimpa Serena onyo kwa madai kwamba kocha wake alikuwa anampa ishara kutoka jukwaani. Serena akakasirika, akavunja raketi, akanyang'anywa pointi, akamshambulia mwamuzi kwa maneno, akanyang'anywa gemu nzima. Osaka akashinda 6-2, 6-4, na akapokea kombe lake akilia huku uwanja unazomea. Kuritzkes hakuwa mtu wa tenisi. Kilichomshangaza ni hiyo kanuni yenyewe: kwamba kuna mtu mmoja tu uwanjani anayejali mechi yako sawa na wewe, na huruhusiwi kuongea naye. Akajiuliza, je, kama mnahitaji sana kuongea, tena jambo lenyewe si la tenisi?

Kanuni hiyo imelegezwa. Tangu 2025 kocha anaruhusiwa kumwelekeza mchezaji kutoka pembeni. Lakini fainali ya filamu hii ni ya 2019. Kwa hiyo Tashi amekaa jukwaani, sawasawa na wavu, mwamuzi anaona, watu wanaona, na mumewe na yule wa zamani wako hapa na hapa. Wana miaka 13 ya mambo ya kuambiana na hakuna anayeruhusiwa kutamka. Wana nini? Macho, sevu, namna ya kufuta jasho.

Ukiitazama kwa jicho hilo, kila kitu kinakaa mahali pake. Hata wanapokuwa na ruhusa ya kuongea, hawa watu hawaongei. Wanarudishiana mpira. Mmoja anatupa neno, mwenzake analirudisha kwa nguvu zaidi, hadi mmoja anakosa la kusema, na hapo unajua nani kachukua pointi. Kuna tukio Art na Patrick wako kwenye mgahawa wa chuo, Stanford, wanakula churros, yale maandazi marefu ya kukaangwa yanayopakwa sukari. Art anamchomekea rafiki yake maneno kuhusu Tashi, kwa upole kabisa, kama mtu anayekutakia mema. Patrick anatabasamu, kamsoma mwanzo hadi mwisho, halafu anakivuta kiti cha Art hadi magoti yao yanakaribia kugusana. Sukari mdomoni, wanamegeana. Mnaniambia hawa wanagombania msichana tu?

Ndiyo, hilo nalo tuliseme wazi. Pembe tatu nyingi za filamu kwa kweli ni mistari miwili: huyu anampenda yule, na yule mwingine anampenda yule yule, basi. Hapa mstari wa tatu umechorwa kwa wino mzito kuliko miwili mingine. Kuna tukio la chumba cha hoteli, vijana watatu kitandani, Tashi katikati, wote wanambusu. Polepole anajitoa, anaegemea nyuma kwa viwiko, na wale wawili wanaendelea wenyewe kwa wenyewe. Kamera inamwangalia yeye. Uso wake ni wa kocha aliyeona mchezaji wake amepiga mpira aliofundishwa.

Zendaya hapo, nampa heshima zake. Tashi ni mhusika ambaye mwigizaji mwoga angemwombea huruma yetu. Yeye haombi. Anakuacha umwone ana hila, ana njaa, na moyo wake ulibaki kwenye ule uwanja alioumia goti. Mapema anawaeleza vijana kwamba tenisi ni mahusiano, kwamba kuna sekunde chache kwenye mechi ambapo wewe na mpinzani mnaelewana kabisa. Wanacheka wakidhani anajifanya mwanafalsafa. Anamaanisha kila neno. Hajawahi kupata mwanaume wa kumpa hizo sekunde, na hawezi tena kuzitafuta mwenyewe.

Faist anacheza mtu anayekauka taratibu kama ua kwenye chupa, na O'Connor ndiye aliyeniibia filamu. Patrick ni mchafu, mwongo, ombaomba mwenye wazazi matajiri, na kila akiingia chumbani unataka abaki.

Mitindo sasa, maana filamu hii imevaa. Mavazi ni ya Jonathan Anderson, aliyekuwa mbunifu mkuu wa Loewe, nyumba ya mitindo, wakati huo. Art wa 2019 ni nguo za mdhamini, nyeupe, safi, kama mtu anayeishi ndani ya tangazo. Patrick anavaa kama aliyeokota nguo gizani. Na kuna ile fulana ya kijivu yenye maneno I TOLD YA, iliyochukuliwa kutoka picha ya John F. Kennedy Jr., mtoto wa yule rais wa Marekani. Msiiondolee macho. Anaivaa mmoja, halafu unaiona kwa mwingine, na hakuna anayeeleza imefikaje huko. Ujumbe mwingine uliotumwa bila mdomo.

Kamera ni ya Mthailandi Sayombhu Mukdeeprom, na kuelekea mwisho anafanya vituko. Unakuwa chini ya uwanja unaona nyayo za wachezaji kama wanakimbia juu ya kioo. Jasho linadondokea kwenye lenzi. Halafu unakuwa mpira wenyewe, unapigwa, unaruka, unapigwa. Mimi nilishika mkono wa kiti. Waigizaji walinolewa na Brad Gilbert, aliyewahi kuwa kocha wa bingwa wa tenisi Andre Agassi, na mipira mingi iliwekwa na kompyuta baadaye. Huoni mshono.

Muziki ni wa Trent Reznor na Atticus Ross. Tekno, dundo la klabu ya usiku, na linaingia mahali ambapo hulitarajii: katikati ya ugomvi wa mume na mke, kwa sauti inayotaka kuwafunika. Mara ya kwanza nilidhani spika zangu zimeharibika. Mara ya pili nikaelewa kwamba muziki unakuambia sasa wanacheza, tupa macho kushoto na kulia. Ulichukua tuzo ya Golden Globe Januari 2025, na Oscar haikuuteua kabisa, jambo ambalo bado sijalisamehe.

Lakini si kila mahali muziki huo unafaa. Kuna mazungumzo mawili matatu ambayo nilitaka kusikia pumzi ya waigizaji, nikasikia ngoma. Na fainali, ninaipenda, ila mwendo wa polepole umezidi. Kuna mahali mtu anaurusha mpira na unaweza kwenda kunywa maji na kurudi haujashuka. Kinachoniudhi zaidi ni mtoto. Tashi na Art wana binti, Lily, na filamu inamtumia kama fanicha. Mama anayepanga maisha ya kila mtu kwa nukta na mkato, kwa mtoto wake hana hata tukio moja zito. Kama ni kwa makusudi, kuonyesha kwamba uwanja umemla mzima mzima, basi nionyesheni huo ubaridi. Walimpita tu.

Na muda unarukaruka. 2019, 2006, 2007, 2011, jana yake, tena 2019. Mkipotea, angalieni nywele. Za Tashi zikiwa ndefu, ni ujana. Zikiwa zimekatwa hadi karibu na mabega, mko 2019. Art naye akiwa na nywele za kupunguzwa na macho ya mtu aliyekosa usingizi, ni 2019.

Tahadhari: ni ya watu wazima. Kuna chumba cha kubadilishia nguo ambacho hakijaficha kitu. Ukiwa umekaa na wakwe, tafuteni nyingine.

Alama zangu ni 8 na nusu kwa 10. Hiyo nusu ni ya kiti kilichovutwa. Na tafadhali, mlioiona, msijaze maoni mkiniuliza nani alishinda ile fainali. Mlikuwa mnaangalia ubao wa matokeo? Mimi nilikuwa namwangalia mwanamke wa jukwaani, ambaye kwa mara ya kwanza tangu goti lile liende, amesimama na kupiga kelele.

Ngoja nirudishe huu mwiko, unaulizwa jikoni.