Kifaa Gani cha Kumwitia Koyote Ununue kwa Vichaka Vizito vya Texas Kusini

Kuanzia kusini ya San Antonio hadi Laredo, ardhi imefunikwa na mesquite na huisache, ambayo ni miti ya miiba, pamoja na mipungate, na mara nyingi huoni zaidi ya mita 30 ila ukiwa umekaa kwenye sendero, njia ndefu iliyofyekwa vichakani. Koyote, jamaa wa karibu wa bweha, akisikia sungura analia humo huja haraka na hutokeza akiwa ndani ya masafa ya shotgani. Anapotokeza, macho ameyakaza palipotoka sauti. Kwa sababu hiyo tumevipanga vifaa hivi vya kuiga milio ya kumvutia kwa kuangalia kipi kinakuondolea macho hayo. Ukubwa wa sauti tumeuweka nyuma.

1. Spika yenye rimoti

Hii ndiyo ya kwanza, wala haina mpinzani wa karibu kwenye miiba. Spika inalia mita 20 hadi 30 kutoka ulipo, nawe unabaki umetulia na bunduki begani. Ya dola 150 hadi 350 inatosha. Za bei kubwa zaidi zina nguvu ambazo utazihitaji kwenye nyanda za wazi, na pia ni nzito kubeba.

Kabla ya kulipa, angalia rimoti kuliko kitu kingine chochote. Masafa yanayoandikwa kwenye boksi hupimwa mahali pa wazi. Majani na mashina yenye maji hunyonya mawimbi ya redio, na spika iliyolala chini hupoteza mawasiliano mapema zaidi. Ijaribu ukiwa nyuma ya ukuta au gari, umbali wa mita 50. Ikisitasita hapo, vichakani itakuangusha. Rimoti iweze kupandisha na kushusha sauti taratibu, na kuizima mara moja.

Usivutwe na tangazo la sauti mia mbili. Zinazofanya kazi ni chache: sungura mdogo, sungura mkubwa wa nyika, ndege anayelia kwa maumivu (kigogota ni mzuri sana), mtoto wa koyote anayelia, na mlio wa koyote wazima, unaofaa hasa Januari na Februari wanapotafutana.

Betri ziwe za kuchaji, na seti ya pili iwe mfukoni. Za kutupa hushuka nguvu polepole, sauti ikaanza kukwaruza bila wewe kutambua.

Kosa linaloharibu mawindo mengi ni kufungulia sauti yote tangu mwanzo. Koyote anaweza kuwa amelala mita 80 tu kutoka hapo, na kelele ya ghafla humfukuza. Anza chini, pandisha baada ya dakika mbili au tatu. Spika itundike kwenye tawi, kimo cha kiuno. Iweke ukingo wa sendero ule upepo unakotokea: koyote huzunguka upande wa pili ili anuse, na akizunguka hana budi kukatiza njia mbele yako. Dakika 15 zikipita kimya, hama mita 500 hivi. Majani humeza sauti, kwa hiyo huko mbele utakuta koyote ambao hawajakusikia.

2. Filimbi ya ulimi wazi

Dola 15 hadi 30. Ulimi hapa ni kibapa chembamba cha filimbi kinachotetemeka ukipuliza, na kwenye hii kiko wazi, midomo yako inakigusa. Midomo ikibana karibu na ncha ya ulimi, unapata mlio mwembamba wa panya. Ukiingiza filimbi ndani zaidi, sauti inashuka hadi sungura mkubwa, na hatimaye mlio wa koyote mwenyewe. Hakuna filimbi yenye uwezo kama huu, ila inadai mazoezi ya wiki kadhaa. Mate yakikusanyika chini ya ulimi, filimbi hukwama: pitisha karatasi nyembamba katikati. Nunua inayouzwa pamoja na ndimi za akiba. Tatizo lake vichakani ni kwamba koyote anakuja akikutazama wewe. Mkiwa wawili, mpulizaji akae upande upepo unakotokea, mpigaji akae mita 30 upande unakoelekea.

3. Filimbi ya ulimi uliofungwa

Dola 10 hadi 20. Ulimi wake umefichwa ndani: unapuliza tu, inalia. Sauti yake ni moja, na mate yakiganda asubuhi ya baridi kali inanyamaza. Anayeanza akiwa na pesa kidogo aanze na hii, na hata mwenye spika awe nayo mfukoni.

4. Kiwambo cha mdomoni

Chini ya dola 15. Ni kipande chembamba cha mpira kinachokaa kwenye kaakaa na kulia ukipuliza; mikono inabaki huru, kwa hiyo kilistahili nafasi ya juu. Lakini wengi huwaletea kichefuchefu, na mpira wake hukauka na kupasuka ukiachwa ndani ya gari juani. Kinalipa katika jambo moja: mbweko mfupi humsimamisha koyote anayekimbia, ukapata sekunde ya kulenga.

Kipira kinacholia ukikibana hatujakipa namba, maana sauti yake haifiki mbali. Kifunge kwa utepe kwenye kitako cha bunduki. Koyote akigoma kutoka kichakani, mlio wake mdogo humvuta hatua za mwisho.

Texas hakuna msimu uliofungwa kwa koyote na spika zinaruhusiwa, lakini kwa kawaida unahitaji leseni ya kuwinda. Sehemu kubwa ya ardhi ni ya watu binafsi, kwa hiyo pata ruhusa ya mwenyewe kwanza. Ukiishi jimbo jingine, soma kanuni za huko kuhusu vifaa vya umeme kabla hujatoa pesa dukani.