Gone Girl: nina hasira na huyu Amy mpaka leo

Kama hujasoma riwaya ya Gone Girl ya Gillian Flynn ishia hapa hapa, maana siwezi kueleza hasira yangu bila kutaja kilichotokea.

Mi nimekisoma juzijuzi tu, nimechelewa najua, kimetoka tangu 2012 na muvi yake watu washaiangalia zamani. Rafiki yangu ndo alinipa, akasema we soma, humo ndani hakuna mtu mzuri hata mmoja. Nikajua anakuza mambo. Jamani, kweli hakuna! Nick, mume wa Amy, muongo, ana kimada ambaye ni mwanafunzi wake, mke kapotea siku ya kutimiza miaka mitano ya ndoa na yeye mbele ya kamera anatabasamu. Nikasema huyu kaua, wamfunge tu tumalize.

Ila kilichoniuma ni ile daiari. Sura moja anaongea Nick, inayofuata ni daiari ya Amy, inaanza 2005 walivyokutana, mapenzi motomoto, halafu kazi zinaisha wote wawili, wanatoka New York wanahamia Missouri kwao mume, mama mkwe ana kansa, hela ya mwisho ya Amy inaenda kwenye baa ya Nick na dada yake, na taratibu mwanamke anaanza kumuogopa mume wake. Nilimpenda huyu Amy. Kuna usiku nimekesha mpaka saa nane naomba tu asiwe amekufa. Unafika katikati, unafungua sehemu ya pili, yuko hai! Anaendesha gari zake huko na anakueleza bila hata aibu kwamba daiari kaitunga ili polisi waikute na mume wake ahukumiwe kifo. Hata ile damu ya jikoni kajitoa mwenyewe.

Nilikifunga. Siku mbili sikukigusa. Yaani ni kama umesimama ukamtolea mtu ushahidi mbele za watu, umeapa kabisa, halafu anakugeukia anakwambia nilikuwa nakutumia. Nikaandika hapa nyota moja na maneno makali, kabla sijatuma nikafuta.

Maana nilirudi nikazisoma zile kurasa upya, na mwandishi hajanionea. Kila kitu kipo. Yule Amy wa daiari ni mtamu kupita kiasi, halalamiki hata pale ambapo mtu yeyote angelalamika, katengenezwa ili apendwe. Na wazazi wake si walipata hela kwa kuandika vitabu vya watoto kuhusu binti anayeitwa Amy, anayefaulu kila alichoshindwa binti yao wa kweli? Mtu kakua anashindanishwa na Amy wa kwenye karatasi, kumtunga mwingine kwake ni kazi gani. Hapo nikamuonea huruma tena, na nikachukia kwamba nimemuonea huruma.

Kwa hiyo nilishaamua ni kitabu kizuri sana. Halafu nikakumbuka mwisho. Amy anarudi nyumbani kaua mwanaume mwingine, Nick anajua, dada yake Nick anajua, mpaka yule mpelelezi mwanamke anajua, na hakuna anayeweza kumfanya kitu. Nick kakaa kaandika ukweli wote, anakuja kuufuta kwa mkono wake kwa sababu ya mimba ya Amy. Anabaki! Nilitaka mtu mmoja tu atoke mle ndani akiwa salama na sikupewa. Hilo simsamehe mwandishi, sijui kama nitakuja kumsamehe.

Nyota sasa hivi siweki, leo ningeweka tano, jana ningeweka mbili.

Rafiki yangu kaulizia kitabu chake mara mbili. Nimemwambia asubiri, nimeanza tena mwanzo na penseli, naweka alama kila ninapohisi Amy ananidanganya, na kinachoniumiza zaidi ni kwamba mengine ya mwanzo yalikuwa kweli.