Piki imetoka safari ndefu, ununue nini cha kuioshea? Kuanzia cha lazima mpaka cha kuacha dukani

Juzi nimerudi toka Mbeya na Boxer yangu 150, Dar kwenda na kurudi ni kama kilomita 1,650 hivi, nlivyoipaki getini mama watoto akauliza hiyo piki umeiendesha au umeichimbua. Wadudu wa Mikumi wameganda kwenye taa, tope la Makambako limekauka chini ya madigadi, cheni nyeusi tii. Hapo wengi wanakimbilia kununua cha kung'arishia tenki. Mi nasema hela ianzie kwenye cheni, maana tenki chafu halikupi hasara yoyote ila mchanga kwenye cheni unasaga sproketi (zile gia zenye meno zinazoshika cheni) kila tairi inapozunguka, na seti mpya ya cheni na sproketi zake mbili sio hela ya soda.

Kwaiyo namba 1 ni mafuta ya taa nusu lita, brashi ngumu kidogo (mswaki wa zamani unatosha) na oili ya cheni. Nimesema mafuta ya taa, sio petroli. Petroli inalipuka kirahisi, alafu kama piki yako ina cheni ya o-ringi, kama zile kubwa nyingi, petroli inaharibu viringi vya mpira vinavyobana grisi ya ndani. Sheli nyingi siku izi hazina mafuta ya taa, ukikosa chukua dizeli, inatoa uchafu vizuri tu ila haikauki haraka so futa sana. Na usiimwage hovyo ikafika kwenye diski au ngoma ya breki, utajuta kwenye mteremko.

Kwenye oili ndo watu wanachanganya. Sprei ya cheni ndo bora, inanata na hairuki ovyo, ila kakopo kadogo bei imechangamka. Chaguo langu mimi wa kipato cha kawaida ni oili ya gia namba 90, lita moja unakaa nayo muda mrefu sana, unadondoshea matone upande wa ndani wa cheni huku unazungusha tairi kwa mkono. KWA MKONO, injini imezimwa. Kuna jamaa nlimshuhudia kaiweka kwenye stendi kubwa, gia ya kwanza, anafuta cheni na kitambaa huku inazunguka, kitambaa kikavutwa na kidole kikafuata. Grisi nzito usipake, inabaki juu haiingii ndani kwenye pini na inakusanya vumbi. Oili chafu ya injini ni ya bure kweli, ila ina masizi na vichembe vya chuma, sasa umesafisha ili iweje?

Namba 2 shampoo ya gari. Najua nyumbani kuna sabuni ya unga, nimeitumia miaka, ila ni kali, inaondoa polishi na ukiiacha ikaukie juani rangi inafifia na alumini ya injini inapata madoa meupe. Shampoo unaweka kidogo tu kwenye ndoo, chupa moja utaoshea safari kibao. Ndoo ziwe 2, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, la sivyo unasugua tenki na mchanga wa Iringa.

Namba 3 vya kusugulia. Dodoki la sokoni ni bei ya kawaida na linafanya kazi kwenye rimu, chini ya madigadi na kwenye mapezi ya injini (yale mabati membamba ya kupoozea), ila lisiguse tenki wala taa, linachora. Huko tumia taulo za maikrofaiba, 2 zinatosha, au fulana ya zamani ya pamba. Wadudu waliokauka usiwakwangue, lowesha gazeti libandike kwenye taa robo saa, wanatoka wenyewe.

Namba 4 WD-40, ile sprei ya kopo. Jina lake lenyewe maana yake ni kufukuza maji, kwaiyo baada ya kuosha puliza kidogo kwenye swichi na viungo vya waya. Sio oili ya cheni jamani.

Namba 5 polishi, ukibakiwa na hela. Ya kung'arisha tairi usipake kabisa pale inapokanyaga lami, wala kwenye siti, utateleza ukafie mbele.

Ya mwisho kabisa ni mashine ya presha. Usinunue. Mi niliwahi kupeleka piki sehemu wanaosha magari, dogo akasimama karibu akaielekezea kwenye spidomita na kwenye beringi za tairi, wiki nzima spidomita ina ukungu na piki asubuhi haiwaki. Ukilazimika kwenda, mwambie asogee mbali na akwepe kabureta, funga mdomo wa ekzosi na mfuko, na uache injini ipoe kwanza.

Ukishamaliza fungua huo mfuko, washa, zunguka mtaani dakika 10 ukishika breki taratibu zikauke. Cheni ikiwa na joto kidogo ndo unadondoshea oili, unaiacha ilale, asubuhi unafuta iliyozidi, usipofuta utaikuta kwenye suruali ya abiria.