Feni ya elfu 45 iliyoniharibia paa la kipanya

Nianze na feni, maana ndiyo iliyonikalisha chini kuandika. Kibanda chenyewe cha kupulizia rangi nitakifikia.

Mimi natengeneza magari madogo ya kipimo cha 1:24, yaani urefu wa gari halisi ugawe kwa 24. Kwa miezi mingi nilikuwa na kipanya, ile Hiace ya daladala tuliyokuwa tukipanda kwenda shule, umeinama mlangoni, begi kifuani. Bodi nimeikata kwenye plastiki ngumu ya mabango, mlango wa pembeni unateleza, keria ya juu nimeiunga kwa waya wa shaba, kipande kwa kipande. Gari zima halifiki sentimita 20. Kulipuliza rangi ndiko kulikonitesa. Ukipulizia uani, mbu na vumbi vinanasa. Ukipulizia chumbani, harufu ya thina inapita chini ya mlango mpaka kwa mama, na mama yangu ana pumu. Sikujenga kibanda kwa kupenda makuu. Nilikijenga kwa sababu ya kifua cha mama.

Sanduku halikuniumiza kichwa. Seremala wa mtaani alinikatia plaiwudi, mdomo upana sentimita 60 na kimo 45, ndani nikapaka rangi nyeupe ili kivuli kisinidanganye. Taa niliiweka nje, juu ya kioo, na swichi nayo nje, kwa sababu mvuke wa thina unashika moto na sikutaka cheche yoyote ndani ya boksi. Nyuma kuna chujio, halafu sponji ya godoro mbele yake kunasa matone. Dirishani nikachomoa vioo viwili vya luva, nikaweka ubao wenye tundu la bomba. Jumamosi moja na nusu, kazi imeisha. Ikabaki feni.

Nikaenda Kariakoo. Duka silitaji, ila wapitaji wa mitaa ile ya vifaa vya umeme watakuwa wameshalipita. Nilimweleza kijana wa pale kila kitu kwa utulivu: napuliza rangi, nina chujio, nina bomba la mita mbili lenye kona moja, je, hii itavuta? Akaiwasha, akaweka karatasi ya chooni nyuma yake, karatasi ikang'ang'ania. "Bosi, hii inavuta hata shuka." Nikatoa shilingi 45,000. Risiti akaniandikia kwa mkono kwenye kikaratasi, nami kwa haraka nikaipokea. Hilo najilaumu mpaka leo.

Nyumbani nikaifunga, nikawasha udi, nikausogeza mdomoni mwa kibanda. Moshi ukaingia kidogo, ukasita katikati kama mtu aliyesahau kitu, ukarudi usoni kwangu. Nikatoa sponji. Afadhali kidogo. Nikatoa chujio, ukavuta vizuri. Kumbe feni ya mapanga ina nguvu ikiwa wazi tu. Ukiiwekea kizuizi mbele na bomba nyuma, inazunguka bure. Karatasi ya chooni dukani haina chujio. Hesabu inayotumika ni hewa iingie kibandani kwa mwendo wa kama nusu mita kwa sekunde, na kwa mdomo wa kibanda changu hiyo ni karibu mita za ujazo 490 kwa saa, chujio likiwa mahali pake. Namba iliyoandikwa kwenye boksi la feni ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Ni namba ya feni isiyofungwa popote.

Hata hivyo nilivumilia. Nikaweka sponji nyembamba zaidi, nikapuliza praima, ile rangi ya msingi, ikakaa. Nikapuliza nyeupe, mkono wa kwanza na wa pili. Sasa niko kwenye mkono wa mwisho wa paa, ule wa kung'aa, nasikia feni inabadilisha sauti. Inaunguruma lakini haizunguki. Halafu harufu ya kuungua, si ya thina, ni ile ya waya. Nikakimbilia swichi. Feni ilipokata, upepo wa nje ukaingia kwa bomba kurudi ndani, ukapeperusha vumbi la rangi kavu lililokuwa limejikusanya kwenye mapanga na kwenye chujio, vumbi la kijivu la praima, likamwagika lote juu ya paa bichi. Nilisimama nikilitazama linazama kwenye rangi. Ukigusa unaharibu, ukiacha limeharibika. Na ukutani kwa pili nikamsikia mama anakohoa.

Nikaifungua ile mota. Kwenye boksi wameandika shaba tupu. Nikakwaruza waya kwa wembe: juu rangi ya shaba, ndani mweupe kama sufuria. Alumini.

Kesho yake nikarudi dukani na feni kwenye mfuko na kile kikaratasi. Kijana hakukataa kwamba ameniuzia. Alinyoosha kidole ukutani palipoandikwa mali iliyouzwa hairudishwi. Nikamwambia sitaki hela, nataka anipe nzima au anitafutie nyingine niongeze pesa. Nikamwonyesha picha ya paa kwenye simu ili aelewe kilichotokea. Akaitazama, akamwita mwenzake, wakaangalia wote, kisha akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wateja: "Kaka, mtu mzima unakuja kunisumbua kwa ajili ya vigari vya watoto?" Watu wakacheka. Sikumjibu. Nilikuwa na miezi saba ya kazi kwenye picha ile na yeye aliiona kwa sekunde tatu.

Usiku ule nilitaka kuandika kwamba msihangaike na vibanda vya kujenga wenyewe, ni kupoteza plaiwudi. Nilikuwa nimeshaanza kuandika. Nafurahi sikuumaliza ule uandishi, kwa sababu haungekuwa kweli.

Wiki kama mbili baadaye nikaenda mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo. Fundi mmoja, mzee mtulivu, nilimwambia tatizo, naye kabla ya kuniuzia chochote akauliza: "Chujio lako unene gani? Bomba lina kona ngapi?" Akanipa blowa iliyotumika, ile yenye umbo la konokono, inayovuta hewa katikati na kuisukuma pembeni. Hii haiogopi chujio. Mota yake imekaa nje ya njia ya hewa na haina kaboni za kurusha cheche. Shilingi 60,000, na akaniambia nikiona tatizo nirudi. Nilimshika mkono, nikashindwa kusema mengi. Kumbe inawezekana mtu akakuuzia kitu na asikudharau.

Nikawasha udi tena. Ule moshi ulipinda ukanyooka kuelekea kwenye sponji kama uzi unaovutwa na mtu aliye upande wa pili. Nikasogeza udi kona zote nne, hata chini kabisa, ambako mvuke wa thina hupenda kutuama kwa uzito wake. Wote ukaenda. Nikapuliza mkanda wa njia, ule mstari wa rangi ubavuni mwa daladala, kwa saa nzima, mlango wa chumba wazi. Mama akapita, akasimama, akauliza, "Mwanangu, leo hupaki rangi?"

Kwa hiyo jengeni. Nasema hivi kwa moyo wote. Ila barakoa ya mkaa usiivue kwa sababu una kibanda, hasa ukipuliza vanishi ya gari ya kuchanganya na hadna, ile dawa ya kuikausha iwe ngumu. Ile ya kitambaa haikusaidii kitu. Na msitegemee kibanda kiondoe unyevu. Masika rangi ya thina kali bado inaniwekea utando mweupe kama maziwa, maana kibanda kinavuta hewa hii hii ya Dar. Siku za mvua siku hizi sipulizi.

Nyota? Kibanda tano. Nikilitazama paa, nne. Nimelipiga msasa namba 1000 mara mbili na bado kwenye mwanga wa asubuhi naona vitone karibu na keria, na nikiving'ang'ania zaidi nitang'oa keria yenyewe. Duka lile halistahili hata moja. Feni yao ninayo bado, mota imefunguliwa, waya umekwaruzwa, mfukoni karibu na mlango. Jumamosi nina safari ya Kariakoo kununua msasa, na nitakuwa nayo mkononi.