Prius ya shemeji wiki mbili mikononi mwangu: nibadilishe, au nibaki na zee langu?

Haya, nyamazeni kidogo msikilize. Nabonyeza hapa… mmesikia nini? Hamna kitu! Na gari limeshawaka, kitaa cha kijani hiki hapa, natia gia, tunaondoka. Wiki mbili nafanya hivi kila asubuhi na bado nacheka peke yangu kama mwehu.

Karibuni tena. Wale mliosema sauti yangu inatoka kama niko ndani ya pipa, maikrofoni mpya ndiyo hii, niambieni. Leo ni Toyota Prius kizazi cha tatu, kile kilichotoka 2009, gari la haibridi, yaani injini ya petroli na mota ya umeme zinasaidiana. Injini ya lita 1.8, mengine mnayajua, sitawamalizia bando. Ni la shemeji yangu, na nimeliazima kwa swali moja tu: niuze zee langu la lita mbili, niongeze hela, nichukue mojawapo ya haya?

Sogeeni kwenye skrini. Mchoro huu unaonyesha injini, betri na magurudumu. Sasa hivi mshale unatoka kwenye injini kwenda kwenye magurudumu. Mbele kuna taa nyekundu, naachia mafuta… umeona? Mshale umegeuka! Magurudumu sasa ndiyo yanayochaji betri. Naigusa breki polepole, kama unashika yai, umeme unazidi kuingia. Kwenye zee langu nguvu yote hii ingeishia kuwa joto kwenye pedi za breki. Ngoja nirudie, mara hii nakanyaga kwa pupa… hapo pedi zimeshika, na sehemu ya ule umeme imetupotea. Na sasa tumesimama, injini imezima, kiyoyozi kinapuliza kwa umeme wa betri. Chaji ikishuka injini inaamka yenyewe. Ndiyo maana utamu wake uko kwenye foleni. Ukiwa mtu wa barabara kuu, moja kwa moja bila kusimama, tofauti inapungua.

Ila kuna kitu kimeniudhi. Skrini inaniambia kilomita 20.4 kwa lita. Mimi siamini skrini. Nilijaza tanki mpaka pampu ilipokata yenyewe, nikarudisha kipima safari kwenye sifuri, nikaendesha kilomita 612, nikarudi kwenye pampu ileile na kujaza vilevile. Zikaingia lita 32.2. Gawanya: 19. Bado ni nzuri sana, lakini mtu akikuuzia gari kwa kukuonyesha picha ya skrini, mwambie mwende wote kwenye pampu.

Zee langu, kwa kipimo hichohicho, lilikuwa linakwenda kilomita 9 kwa lita. Kwa mwezi naendesha kama kilomita 1,000. Zee linabugia lita 111, hili linanusa lita 53. Naokoa lita 58. Sasa ile hela ya kuongeza, pamoja na ada za kuhamisha umiliki, nimeigeuza kuwa mafuta ili tusibishane kuhusu bei: kwangu ni sawa na lita 3,000. Gawanya kwa 58 unapata miezi 52. Miaka minne na zaidi kabla sijaonja faida! Anayeendesha kilomita 3,000 kwa mwezi anamaliza kwa miezi 17 au 18, huyo asinisubiri.

Na wewe uliyeniandikia kwamba una gari la kilomita 15 kwa lita na unataka la 20: kwa kilomita 1,000 unaokoa lita 17 tu. Anayetoka 9 kwenda 14 ameongeza tano hizohizo, lakini anaokoa lita 40. Faida kubwa iko kwa wenye mabugia mafuta.

Mtaniuliza, kwa nini si Nissan Note e-Power? Ile injini yake kazi yake ni kuzalisha umeme tu, magurudumu yanazungushwa na mota. Nimeiendesha mara moja, naipenda, itapata kipindi chake baada ya kile cha matairi nilichowaahidi. Dizeli? Kama safari zako ni fupifupi kaa mbali, kichujio cha masizi hakipati joto la kujisafisha, kitaziba.

Ukiamua kununua haibridi iliyotumika, fungua mlango wa nyuma. Hapa pembeni mwa kiti, ona kitundu hiki chenye wavu. Betri kubwa inavuta hewa hapa ili ipoe. Tazama kidole changu: vumbi, nywele, na hii nadhani ni makombo ya biskuti. Shemeji, watoto! Ukikuta kimezibwa hivi, au mtu amekirundikia nguo, jua betri imekuwa ikipikwa. Dai ipimwe na fundi mwenye mashine kabla hujatoa hela.

Sasa niwaambie kilichonivuruga. Juzi, baada ya wiki nzima ndani ya hili, nililiwasha zee langu niende nalo dukani. Niliposhuka nikasikia harufu ya kuungua. Nikapitisha mkono karibu na rimu, moja baada ya nyingine: vuguvugu, vuguvugu, vuguvugu, mama yangu! Ya mbele kushoto ilikuwa kama kikaango. Breki inashika na haiachii. Nimetembea nayo hivyo sijui miezi mingapi, nikisukuma gari kwa mafuta huku nalizuia mwenyewe. Fundi akaisafisha ile pistoni ya breki, nikajaza upepo matairi yote, nikapima upya kwenye pampu. Kilomita 10.5 kwa lita.

Kwa hiyo hesabu imeharibika. Zee sasa linakula lita 95, ninachookoa ni 42, na miezi 52 imekuwa 71. Karibu miaka sita, kwa gari ambalo tayari lina umri wake na betri sijui nitaikuta wapi.

Nitaumia kukosa huu ukimya, nakiri. Lakini simu hii inayoita… ni yeye. Haloo, shemeji? Ndiyo, nalileta sasa hivi. Tanki nimekujazia. Biskuti za wanao tutaongea nikifika.